Saa Isiyo na Mwenyewe: Likizo ya Mombasa Bila Kamari

Likizo ya Disemba huleta Mombasa wageni wengi kutoka bara. Mwaka uliopita nyumba yetu ilipokea wageni wa Nyaramba, Kaunti ya Nyamira: wifi yangu, mumewe na watoto wao watatu. Wifi ni mzaliwa wa Mji wa Kale aliyeolewa huko kwenye vilima vya chai. Watoto wake walikuwa hawajapata kuiona bahari. Ameniridhia nisimulie kisa hiki, majina nikiyasitiri.

Nauli yao ilitokana na bonasi ya majani chai, yale malipo ya mwaka ambayo mkulima hungojea juu ya malipo yake ya kila mwezi. Siku ile ile ya kuwasili wifi alinifuata jikoni. "Wifi," akaninong'oneza, "bonasi ya mwaka juzi iliishia kwenye mashine za kamari pale sokoni. Karo ya Januari tuliikopa. Na huku kwenu nasikia kamari ina majumba yake."

Hakukosea. Mombasa ina kumbi za kamari, nyingine ndani ya hoteli au jirani nazo, na taa zake huwaita wapita njia hadi usiku wa manane. Hukumu ya kamari tunaijua sote. Imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida. Lakini mgeni aliyekuja kustarehe hukatazwa akasikia iwapo ameonyeshwa pa kwenda. Basi tukaanza na mchana.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaitwaa mwaka 1698. Mtoto wa kati aliugusa ukuta wa matumbawe akauliza kama ni ndugu wa mawe ya sabuni yanayochongwa Tabaka, kule Kisii. Babake, ambaye tangu afike alikuwa kimya, ndiye aliyemjibu: lile la Tabaka limetoka ardhini, hili limejengwa na wadudu wa baharini. Kutoka hapo tuliingia vichochoro vya Mji wa Kale, wifi akawaonyesha wanawe mlango wa nakshi wa nyumba aliyozaliwa.

Siku ya pili ilikuwa ya Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, ardhi tupu isiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti hapo. Mivinje ikastahimili, jongoo wakala majani yake makavu wakayageuza udongo, na leo pana msitu. Mkulima wa chai hahitaji kuelezwa thamani ya udongo. Shemeji alisimama hapo muda mrefu kuliko watoto. Wao walipendezwa zaidi na habari ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa hapo na kumwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamaye.

Bahari tuliiendea alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Ufuo huwa mtulivu saa hizo, na mwanamke aliyejisitiri hutembea pasipo bughudha. Nawausia akina mama wenzangu: mtoto wa bara haujui mkondo, naye huyaamini maji kwa kuwa yana kina kifupi. Aangaliwe kila dakika, na mara maji yanapoanza kujaa atolewe.

Mchana, basi, haukuwa na shida. Shida ilikuja usiku wa pili. Tumekwisha kuswali Isha, watoto wamelala, nasi wanawake tunaosha vyombo. Nikamwona shemeji anavaa viatu. "Nanyosha miguu kidogo," akasema. Wifi aliacha sahani ndani ya maji. Hakutamka neno, nami nikafahamu kuwa ndivyo ilivyoanza hata kule Nyaramba: saa moja ya usiku isiyo na kazi wala maongezi, na fedha mfukoni.

Mume wangu naye alivaa viatu vyake. "Shemeji, ngoja tufuatane," akamwambia, akampeleka barazani kwa wazee wanaocheza bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wale hawawekeani dau. Shemeji alishindwa mara tatu mfululizo. Alirudi anacheka, akiapa kulipiza kesho.

Tangu hapo kila jioni tuliipangia shughuli. Baada ya Maghribi tuliketi wote Mama Ngina, chini ya mibuyu, tukitazama meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu hata watu wa sitahani wakaonekana. Gharama yake ilikuwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, pamoja na madafu. Nyumbani tulitegeana vitendawili: wetu kwa Kiswahili, wao kwa Kigusii, shemeji akiwa mfasiri. Wifi aliniambia hakuwa amemsikia mumewe akizungumza kiasi hicho kwa miaka miwili.

Anayepanga likizo na aanze kuipanga jioni, kwa kuwa mchana hujipanga wenyewe. Karo itengwe kabla ya safari, na fedha za matembezi zigawanywe kwa siku. Na ikiwa jamaa yenu amewahi kunaswa na kamari, asiachwe peke yake kwa kisingizio cha kumpa nafasi, wala asiaibishwe mbele ya wanawe. Afuatwe kwa upole, kama mume wangu alivyovaa viatu.

Usiku wa kuamkia safari, shemeji alimkabidhi mkewe fedha zilizosalia, karo ya Januari ikiwa kamili. Mashine zile bado zipo sokoni, na jioni za Nyaramba ni ndefu na za baridi. Lakini katika mizigo yao, kati ya halua na kashata, niliona ubao wa bao uliofungwa kwa leso. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.