Vespa ya Kale na Kutu ya Tiwi

Msafiri avukaye kwa feri ya Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga hupita Ng'ombeni, Waa na Kombani kabla hajafika Tiwi. Njia nzima huandamana na tuktuk zinazobeba akina mama na vikapu vyao. Ni wachache wajuao ya kuwa tuktuk itokayo katika kiwanda cha Piaggio ni ndugu wa chombo kingine kilichokaribia kusahauliwa katika pwani hii, nacho ni skuta iitwayo Vespa. Kwa Kitaliano vespa maana yake ni nyigu. Yule ndugu wa magurudumu matatu, aliyetolewa mwaka 1948, aliitwa Ape, yaani nyuki.

Sasa tuseme yuko kijana wa Tiwi aliyeachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa karani, Vespa moja ya miaka ya 1960. Imeegemezwa ukuta wa banda miaka mingi, na kuku wamezoea kutagia chini yake. Siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, anaitupia jicho na kutaja bei kwa kilo. Siku ya pili anakuja fundi wa rangi, naye anaahidi kwamba katika muda wa juma moja ataifanya ing'ae kama iliyotoka dukani leo. Mama mtu asema, "Mwanangu, hiyo ndiyo iliyompeleka babako kazini, tazama utakavyofanya." Kijana amsikilize nani?

Mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja ya kujibiwa. Mwenye hatari zaidi ni yule wa rangi, na ili kufahamu kwa nini, yafaa kwanza kujua jinsi Vespa ilivyoundwa.

Kabla ya vita vya pili vya dunia na wakati wa vita vyenyewe, kampuni ya Piaggio ya Italia ilikuwa ikitengeneza ndege, na kiwanda chake cha Pontedera kilipigwa mabomu kikaharibika sana. Vita vilipokwisha, ndege za kivita hazikutakiwa tena kwa Waitalia, na watu walikuwa maskini, na barabara zilikuwa mbovu. Bwana Enrico Piaggio akamtaka mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, amtengenezee chombo cha bei nafuu. D'Ascanio alikuwa mtu wa ndege na helikopta, wala hakuzipenda pikipiki. Alisema zachafua nguo, ni taabu kuzipanda, na tairi likipasuka ni kazi kubwa kulibadili. Kwa hiyo aliondoa mnyororo akaiweka injini karibu na gurudumu la nyuma, akaacha nafasi wazi mbele ya kiti ili mtu aingie bila kurusha mguu juu. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono mmoja tu wa chuma, mfano wa gurudumu la ndege. Hati ya kulinda uvumbuzi huo iliandikwa tarehe 23 Aprili 1946.

Huko Ulaya watu walisifu ya kuwa mwanamke aliyevaa gauni, hata padri mwenye joho lake, aweza kuipanda Vespa kwa heshima. Sifa hiyo inatufaa sisi watu wa pwani kuliko Waitalia wenyewe, kwa maana mtu mwenye kanzu hujua taabu ya kupanda pikipiki ya kawaida. Wala si ajabu kwamba Unguja chombo hicho kilipendwa hata jina la vespa likawa jina la kila skuta, iwe imeundwa na nani.

Lakini jambo kubwa kupita yote alilolitoa D'Ascanio katika ndege ni kwamba Vespa haina mifupa. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na vitu vingine vyote hufungwa juu yake. Katika Vespa, bati lenyewe, lililokunjwa na kuunganishwa, ndilo fremu. Sakafu anayoweka miguu dereva ndiyo inayoshika mbele na nyuma pamoja. Basi kutu ikila tangi la pikipiki, mtu hununua tangi. Kutu ikila sakafu ya Vespa, imekula uti wa mgongo.

Ndipo tunarudi Tiwi. Hewa ya hapa ina chumvi mwaka mzima, na kusi likivuma huileta pamoja na mvua mpaka ndani ya nyumba. Maji ya chumvi hujipenyeza chini ya yale mapande ya mpira yaliyopigwa juu ya sakafu ya skuta, hukaa humo, na juu huonekani ubaya wowote. Vivyo hivyo ndani ya ule mgongo ulioinuka katikati ya sakafu, na ndani ya vile vyuma vilivyokingama chini yake. Kutu hii hufanya kazi kutoka ndani kuja nje. Siku rangi inapoanza kuvimba, bati limekwisha kuwa kama karatasi.

Mwuza rangi hafanyi neno juu ya hayo. Huziba matundu kwa ule udongo mgumu ambao mafundi huuita fila, hupiga msasa, hupaka rangi, na chombo huonekana kizima. Miaka ya 2000 zilitoka Vietnam skuta nyingi za kale zilizopambwa kwa rangi mbili mbili na vyuma vya kung'aa, zikauzwa Ulaya na Marekani. Wanunuzi walipozibandua rangi, baadhi yao walikuta chombo kimoja kimeunganishwa kwa vipande vya vyombo viwili vilivyokufa, na mahali pa kuungia pamejazwa fila. Chombo cha namna hiyo chaweza kukatika katikati barabarani, na dereva akiwa juu yake.

Kwa sababu hiyo kijana wetu asinunue hata kopo moja la rangi kwa sasa. Ailaze skuta ubavu juu ya magunia, atoe mapande ya mpira, kisha agonge chini ya sakafu kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, kutoka mbele hadi nyuma. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa sauti ya kufa, na ncha ya bisibisi huingia. Atazame mahali inaposhikwa springi ya nyuma, na chini ya kanyagio la breki, na ndani ya vile vifuniko viwili vilivyotuna kama mashavu, hasa penye betri kama ipo, kwa kuwa tindikali humwagika hapo. Akiona sakafu imeoza lakini mgongo wa katikati ni mzima, kazi yaweza kufanywa, maana sakafu mpya za bati huuzwa, na fundi mzuri wa kuchomelea aweza kuitia moja mahali pake. Mgongo ukiwa umeoza nao, hesabu ni nyingine, na huenda ikawa bora chombo kikae kama kilivyo, kwa ukumbusho.

Hapa yafaa kumtaja mpinzani wa Vespa, Lambretta, iliyotokea Milan mwaka 1947. Mwenye kiwanda, Ferdinando Innocenti, alikuwa mtengenezaji wa mabomba ya chuma, basi skuta yake ilijengwa juu ya bomba. Mabati ya Lambretta hufunguliwa kwa spana na kubadilishwa, na bomba hubaki. Kwa hewa ya pwani hiyo ni neema kubwa, ingawa hata bomba hukusanya maji chini kabisa na lataka kuchunguzwa. Italia iliacha kuiunda mapema katika miaka ya 1970, na mitambo yake ikauzwa kwa serikali ya India, ikafungwa katika mji wa Lucknow.

India ndiyo iliyoziokoa skuta hizi. Kampuni ya Bajaj, ile ile ambayo Boxer zake leo ni bodaboda za kila kijiji cha Kwale, iliunda Vespa kwa ruhusa ya Piaggio tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hata ruhusa hiyo ikaisha mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatoa skuta yake iitwayo Chetak, kwa jina la farasi wa mfalme mmoja wa Kihindi, nayo ilifanana na Vespa kama pacha. Watanzania, kwa kuwa waliona jina hilo limeandikwa ubavuni mwa vyombo vya magurudumu matatu, wakaviita bajaji. Faida yake kwa kijana wa Tiwi ni hii: vipuri vingi vilivyotengenezwa India kwa ajili ya Chetak huingia katika Vespa ya miaka ile, na fundi wa tuktuk pale Ukunda hatashangaa akionyeshwa sahani zake za klachi.

Ila kabla ya kuagiza kipuri chochote, asome namba iliyopigwa katika bati upande wa injini. Herufi zake za mwanzo ndizo zinazosema aina. VBC, mathalani, ni Vespa Super ya 150, iliyoundwa tangu 1965 hata 1979. Namba hiyo ilingane na ile iliyoandikwa katika kitabu cha chombo. Isipolingana, jambo hilo limalizwe katika ofisi zinazohusika kabla fedha haijatumiwa, maana chombo kisicho na hati hakina njia ya kwenda barabarani, hata kingepambwa namna gani.

Injini yenyewe haitishi. Ni ya mipigo miwili, na sehemu zake ni chache. Iliyolala miaka mingi isipigwe teke kwa nguvu. Itolewe plagi, yamiminwe mafuta mepesi katika silinda, iachwe siku kadhaa, kisha izungushwe kwa mkono. Ikikubali, jambo la kwanza ni kubadili sili mbili za mafuta zilizo kila upande wa kombo la injini, hata kama injini yaweza kuwaka bila hivyo. Mpira wa sili hizo hukauka kwa kukaa. Ya upande wa klachi ikipasuka, mafuta ya gia hunyonywa ndani na moshi mweupe hujaa kijiji. Ya upande wa pili ikipasuka, injini hunyonya hewa tupu badala ya mchanganyiko wa petroli, hupata joto kali, na pistoni hushikana na silinda. Hapo gurudumu la nyuma husimama ghafula. Madereva wazee wa skuta walikuwa na desturi ya kuweka vidole viwili juu ya mkono wa klachi muda wote, wapate kuukamata mara moja, nao hawakufanya hivyo kwa mapambo.

Petroli huchanganywa na mafuta maalum. Vespa nyingi za miaka ya 1960 zataka sehemu 2 katika 100, yaani mililita 100 kwa lita 5. Zile za miaka ya 1950 zilitaka sehemu 5. Makosa ya kupunguza huua injini, na makosa ya kuzidisha huchafua plagi tu, kwa hiyo mwenye shaka ajue aelemee upande gani. Sanduku la gia lina mafuta yake mbali, robo lita.

Kuhusu rangi, kama bati ni zima na rangi ya kale bado ipo, japo imechakaa, iachwe. Ioshwe, isuguliwe polepole, ipakwe nta. Rangi ya kiwandani hutiwa mara moja tu, na wapenzi wa vyombo vya kale duniani siku hizi huithamini kuliko rangi mpya. Alama ya mkwaruzo aliyoiacha marehemu mzee mlangoni mwa ofisi haiwezi kununuliwa tena. Nairobi, ambako mashindano ya Concours d'Elegance ya magari ya kale yalianza mwaka 1970, kung'aa huhesabiwa sana, na ni haki yao. Lakini skuta ya Tiwi haina lazima ya kwenda Nairobi.

Chombo kikisimama tena, kiendeshwe, maana kilichofungiwa bandani huoza upesi zaidi. Hata hivyo barabara ya leo si ile ya mwaka 1965. Magurudumu ya skuta ni madogo, ya inchi 8 au 10, na shimo ambalo Boxer hulipita bila habari laweza kumwangusha mwenye Vespa. Breki zake ni za kale. Taa yake ya volti 6 ni kama kibatari mbele ya matatu, basi jua likikaribia kuchwa dereva awe amerudi. Kofia ngumu na koti la kung'aa ni sheria, tena ni akili. Mwendo mzuri wa majaribio ni kutoka Kombani kupanda kilima hata mji wa Kwale asubuhi mapema, kwa gia ya pili palipo na mwinuko mkali, na kusimama juu kuiacha injini ipoe huku bahari ikionekana kwa mbali.

Mwendo wa pili, ambao hakuna atakayeweza kumzuia kijana, ni kuteremka ufuoni. Aende, ila asiingie mchangani, wala asiegeshe chini ya mnazi, kwani nazi moja ikianguka hubonyeza bati lililochukua mwezi mzima kunyoshwa. Akirudi nyumbani aioshe skuta siku ile ile, chini zaidi kuliko juu. Asitumie maji ya kisima cha karibu na ufuo, ambayo yana chumvi yake, bali yale matamu ya visima virefu vya Tiwi, ambavyo hupeleka maji mpaka Likoni. Kisha aiache juani ikauke kabla ya kurudisha yale mapande ya mpira juu ya sakafu.