Kuchagua Mashine ya Mkono ya Kusagia Kahawa

Wakulima wengi wa Kilimanjaro na Kagera hulima kahawa. Huipalilia, huichuma na kuiuza. Lakini baadhi yao wakitaka kunywa kahawa, hununua ya kopo dukani.

Je, wewe huitengenezaje kahawa nyumbani? Labda hukaanga buni, kisha huzitwanga katika kinu. Kinu ni chombo kizuri. Lakini tazama unga wake. Utaona vumbi laini pamoja na vipande vikubwa. Ukichemsha, vumbi hutoa uchungu upesi, na vipande vikubwa havitoi ladha yote. Basi buni njema uliyoihangaikia mwaka mzima huharibikia jikoni.

Mashine ya mkono husaga vizuri zaidi. Lakini si kila mashine inafaa. Kabla ya kulipa, tazama mambo haya manne.

1. Meno
Fungua mashine, utazame ndani. Meno ya chuma cha pua au ya kauri yanafaa. Yasiwe na kutu wala rangi inayobambuka. Meno ya kauri hayashiki kutu, lakini huweza kuvunjika yakikuta kijiwe. Kwa hiyo chambua buni kabla ya kusaga.

2. Chuma cha katikati
Chuma hiki ndicho kinachozungusha meno. Shika mpini, uutikise. Kama chuma kinacheza huku na huku, unga hautakuwa sawa. Jambo hili ni kubwa kuliko yote. Usidanganywe na sura nzuri ya nje.

3. Skrubu ya kurekebisha
Ukiikaza, meno hukaribiana na unga huwa laini. Ukiilegeza, unga huwa wa chenga. Hakikisha haijilegezi yenyewe unaposaga.

4. Ukubwa
Kikombe kimoja huhitaji kama gramu 10 za kahawa. Mashine ndogo ya kushika mkononi huchukua kama gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Hiyo yatosha watu wawili au watatu. Kama nyumba yako ina watu wengi, nunua ile ya kufungwa kwenye meza.

Nenda dukani na konzi moja ya buni zilizokaangwa. Mwombe mwenye duka akuruhusu usage kidogo. Kisha sugua unga kwa vidole. Chembe zake ziwe sawa, kama mchanga. Akikukatalia, jaribu duka jingine.

Ukiisha kununua, itunze mashine yako. Usisagie pilipili humo, maana harufu yake haitoki upesi. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji. Yasafishe kwa brashi kavu. Saga kahawa ya kunywa siku hiyo tu, kwa sababu unga hupoteza harufu upesi kuliko buni nzima.

Kama fedha haitoshi, usikope. Endelea kutumia kinu, lakini chekecha unga wako. Vipande vikubwa virudishe kinuni, uvitwange tena. Fedha ikipatikana, utajua mashine ya kununua.

Maswali
1. Kwa nini kahawa ya kutwanga huwa chungu?
2. Utajuaje kwamba chuma cha katikati ni kibovu?
3. Nyumbani kwako mko wangapi? Mnahitaji gramu ngapi za kahawa kila mmoja akinywa kikombe kimoja?