Wingu la Televisheni Hunyesha Wapi?

Hivi majuzi nilikuwa nimekaa katika kibanda kimoja cha kulia samaki pale Dunga, kando ya ziwa, nikingojea ngege wangu akaangwe. Televisheni ilikuwa imetundikwa juu ukutani, na taarifa ya habari haijaanza. Likaja tangazo. Msichana nadhifu mwenye miwani ameketi dukani mwake, anatabasamu. Akagusa simu yake mara moja tu, na papo hapo vitabu vya hesabu, picha, barua na stakabadhi zote zikapaa kama njiwa, zikaingia ndani ya wingu jeupe lililokuwa likielea juu ya paa la mabati. Muziki ukapanda. Sauti nzito ya mwanamume ikatuarifu kwamba tangu leo mali yetu iko salama winguni.

Meza ya pili walikuwapo akina mama watatu wauza omena, wakipumzisha miguu baada ya kazi ya kutwa. Mmoja wao aliikodolea macho ile televisheni, halafu akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "wingu hilo ni la nani? Na likijaa, mvua yake hunyesha wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini samaki alipoletwa nilimla bila kusikia ladha, kwa maana swali lile nililijua uchungu wake, kama nitakavyokusimulia, msomaji, tukifika mbele.

Kwanza yafaa ujue kwamba watu wa ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, si watu wa kudanganywa habari za mawingu. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na ifikapo alasiri mawingu hujikusanya upande wa vilima vya Nandi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu, na dhoruba huzuka juu ya maji yenyewe. Nao usiku ndio wakati wavuvi wa omena wanapokuwa kazini, taa zao zikielea ziwani kama mji mdogo. Mvuvi akilisoma wingu vibaya, huenda asirudi kwake. Basi kumwambia mtu wa Dunga kwamba mali yake iko salama kwa kuwa imewekwa winguni, ni sawa na kumwambia mtu wa Mombasa kwamba mbuzi wake yuko salama kwa kuwa amefungwa kwenye wimbi.

Wale wa rika langu watakumbuka jinsi tulivyotangaziwa bidhaa zamani. Gari la sinema lilikuja uwanjani jioni, kitambaa cheupe kikatandazwa, tukaonyeshwa sabuni, dawa ya kichwa na majani ya chai. Lilikuwa na chumvi nyingi tangazo lile, sikatai. Shati lililofuliwa kwa sabuni ya sinema lilikuwa jeupe kuliko shati lolote tulilopata kuliona duniani. Hata hivyo, sabuni yenyewe ilionyeshwa. Asubuhi yake ulikwenda dukani kwa Mhindi, ukaishika, ukainusa, ukaamua mwenyewe kama ilistahili senti zako.

Tangazo la wingu halina sabuni. Mwenye kulitengeneza ana kazi ngumu, kwani bidhaa yake haina umbo wala harufu. Akikuonyesha ilivyo kweli, utaona jumba refu lisilo na madirisha, lenye ua na walinzi, na ndani yake safu kwa safu za kompyuta zinazoitwa seva, zikivuma usiku na mchana na kula umeme mwingi, huku mitambo ya kupoza hewa ikihangaika zisiungue. Nani atatabasamu kwa picha kama hiyo? Kwa hiyo jumba hufichwa, nasi tukaonyeshwa anga.

Wala sisemi jambo hili lilianzia kwetu. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mwaka 2006 kukodisha nafasi katika mashine zake kwa mtu yeyote mwenye haja, na huduma mojawapo kubwa katika biashara hiyo ilibuniwa na kikosi cha wahandisi waliokuwa mjini Cape Town, Afrika Kusini. Lakini hizo zilikuwa habari za mafundi. Lililomfikishia neno hilo mtu wa kawaida sebuleni kwake ni televisheni. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilirusha matangazo ya Windows 7 ambamo watu walipopatwa na shida walipiga ukelele wa kwenda winguni. Mume na mke wamekwama uwanja wa ndege. Wakaenda winguni, wakatazama kipindi chao cha televisheni. Mama wa nyumba ameshindwa kuipata picha nzuri ya familia, kwani kila mtoto yuko mbioni. Akaenda winguni, akazitengeneza nyuso.

Sasa sikia kichekesho. Kipindi walichokitazama wale wawili kilikuwa kimehifadhiwa katika kompyuta yao wenyewe, nyumbani kwao. Na yule mama alizibadilisha nyuso kwa programu iliyokuwa ndani ya kompyuta iliyo mbele yake. Kumbe tangazo lililofundisha mamilioni ya watu neno "wingu" liliwaonyesha mambo yaliyokuwa yakifanyika nyumbani mwao! Tangu mwanzo, basi, neno lilitangulia na maana ikaachwa ijitafutie njia.

Kwetu Kenya tulikuwa na wingu kabla hatujalijua jina lake. M-Pesa ilianza Machi 2007, na wito wa matangazo yake ulikuwa kuwatumia watu wa nyumbani fedha. Hapa ziwani hapakuwa na haja ya kufafanuliwa. Nani katika Kisumu, Siaya au Homa Bay hakuwa na mtoto, ndugu au mume Nairobi? Zamani fedha zilitumwa kwa bahasha mkononi mwa dereva wa basi, na mara nyingine bahasha ilifika imepungua uzito. Sasa simu inalia mfukoni, na mzee anakwenda kwa wakala na kitambulisho chake. Lilikuwa tangazo la kweli, lilichoahidi kilifanyika.

Lakini ni wangapi waliojua kwamba mashine zilizokuwa zikizihesabu shilingi hizo zilikuwa Ujerumani? Naam, Ujerumani. Mpaka mwaka 2015 zilipohamishiwa hapa nchini ili huduma iwe na kasi zaidi, mtoto aliyemtumia mamake fedha za unga kutoka Nairobi hadi Bondo aliituma hesabu yake Ulaya kwanza, ikavuka bahari, ikarudi. Neno "nyumbani" lilikuwa katika tangazo, na daftari la hesabu lilikuwa ugenini. Hapakuwa na udanganyifu hapo. Ni kwamba hatukuambiwa, nasi hatukuuliza.

Hesabu hizo hazipiti angani kama njiwa wa televisheni. Nyingi hupita katika kebo zilizolazwa chini ya bahari, na kebo za kwanza kubwa kufika Mombasa ziliwasili mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu baharini kusini mwetu, na intaneti ikawa ya kukokota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Watu waliokuwa na kazi zao winguni walikaa wakitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo. Wingu lile, kumbe, lina mizizi, na mizizi yake imo vilindini.

Sasa nikusimulie langu. Mwaka 2016 binti yangu alimrekodi mama yangu mzazi, nyumbani kwetu Seme, kwa muda wa saa mbili. Mama alitaja makaburi yote ya boma, lililo na alama na lisilo na alama; nani alizikwa chini ya mti gani, nani aliolewa kutoka wapi, shamba letu linakomea jiwe gani. Mara kwa mara alikatiza maneno akafukuza kuku. Binti yangu aliiweka sauti hiyo katika huduma ya wingu tuliyokuwa tumeiona kwenye televisheni, yenye ada ndogo ya kila mwezi, kama bei ya vikombe viwili vitatu vya chai. Mimi ndimi niliyemhimiza. Nilimwambia simu huibwa, karatasi huliwa na mchwa, lakini wingu haliibiwi.

Mama akafariki mwaka 2018. Baadaye binti yangu alibadili benki, na kadi iliyokuwa ikilipia ile ada ikafa. Barua za kutuonya zilitumwa katika anwani ya zamani ya mtandao ambayo hakuna aliyeifungua. Mwaka 2022, tulipotaka kujenga makaburi na wazee wakatofautiana kuhusu kaburi moja, nilisema kwa majivuno, "Ngojeni, Mama mwenyewe atawaambia." Tukatafuta. Hapakuwa na kitu. Tulipoandika kuuliza, tukajibiwa kwa adabu kwamba akaunti isiyolipiwa hufutwa, na kwamba masharti hayo tuliyakubali siku ya kwanza.

Ni kweli tuliyakubali. Tangazo lilichukua nusu dakika, na masharti yalikuwa kurasa nyingi za maandishi madogo. Tukatazama la kwanza na kubonyeza la pili. Kaburi lile mpaka leo lina maneno mawili, na wajukuu wa mama yangu hawataisikia sauti yake ikifukuza kuku.

Lakini nisije nikamtupa mtoto pamoja na maji ya kuoga. Mwaka 2020 maji ya ziwa letu yalipanda kuliko ilivyopata kuonekana kwa miaka mingi sana. Nyumba za ufuoni zikaingiliwa, na watu wakahama na walichoweza kubeba kichwani. Vyeti vya shule, hati, picha za arusi na daftari za vyama vya akina mama vililowa vikawa uji. Aliyekuwa na nakala yake mbali na ziwa alisalimika. Ndiyo faida ya huduma hizi, nayo ni kubwa: kampuni inayojua kazi yake huweka nakala zaidi ya moja, katika mashine mbalimbali, hata moja ikiharibika nyingine inabaki. Hilo hata sanduku la chuma la babu halikuweza.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na picha, wala si na jumba. Mtu akikuonyesha wingu, moyo wako huacha kuuliza maswali ambayo ungemwuliza yeyote anayekukodishia chumba. Vitu vyangu vitakaa wapi? Nani mwingine ana ufunguo? Nikishindwa kulipa, nitapewa muda gani, na nitaarifiwa kwa njia gani? Nikitaka kuhama, nitaondoka navyo vyote? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mwananchi haki ya kujua habari zake binafsi zinatumiwaje, kuziona, kutaka zisahihishwe, na hata kuzichukua na kuzihamisha. Ni haki nzuri. Lakini haki haimsaidii asiyejua kwamba kuna mlango wa kubisha, na tangazo limemwonyesha anga lisilo na mlango.

Na wewe uliyeweka kitu chako huko, fanya ambalo mimi sikulifanya. Weka nakala ya pili mahali unapoweza kupagusa kwa mkono, hata kama ni katika kidude kidogo ndani ya kabati. Andika anwani na siku ya malipo kwenye daftari, na mwonyeshe mtu mwingine wa nyumba lilipo daftari hilo, kwani hata anayelipa hufa.

Turudi Dunga. Nilipomaliza kula niligeuza kiti changu nikamjibu yule mama, maana swali la mtu mzima haliachwi mezani pamoja na miiba. Nikamweleza habari za jumba lisilo na madirisha, mashine, umeme, kebo za baharini na kodi ya kila mwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Basi hilo ni ghala," akasema.

"Ni ghala, mama."

"Mimi nina ghala la omena sokoni. Nalipa kodi. Mwenye ghala namjua, mkewe namjua, na nikichelewa kulipa huja mwenyewe kunidai, hanitupii omena zangu nje usiku." Akafikiri kidogo. "Sasa hawa, kwa nini wasiseme ghala?"

Nilikosa jibu. Tangazo lilikuwa limerudi kwenye televisheni, karatasi za yule msichana zikipaa tena, lakini safari hii akina mama hawakulitazama. Walikuwa wamekwisha simama, wanahesabu magunia yao.