Kitunguu saumu cha maua

Si kila kitunguu saumu ni cha kupikia. Kule Ulaya watu hupanda namna nyingine kwa ajili ya maua tu. Mara nyingi ua lake ni la mviringo kama mpira, rangi yake zambarau.

Hupandwa mwezi wa 9 au wa 10, mbele ya baridi kali. Shimo liende chini mara 3 ya kimo cha kitunguu. Maji yakituama, kitunguu huoza.

Ua linapochanua, majani huanza kunyauka. Hayapendezi macho, lakini usiyakate! Majani hutengeneza chakula, nacho kitunguu hukiweka akiba chini ya udongo. Ukiyakata mapema, mwaka ujao pengine hutaona ua. Ngoja yakauke yenyewe.

Maulizo: Majani yana kazi gani?