Unafunzwa Lori Bila Kulipwa? Hii Ndiyo Hesabu ya Nani Atalipa Ikipinduka

Kama umewahi kushuka Karatina kabla jua litoke, umewaona. Kijana wa miaka 20 hivi, jaketi imeisha viwiko, amesimama nyuma ya Canter akigonga bodi na kiganja: rudi, rudi, kata kidogo, wacha hapo! Halafu anafungua turubai na kuanza kushusha viazi, gunia baada ya gunia. Dere ashaingia kwa hoteli kunywa chai. Huyo kijana ni tanboi, ama utingo kama watu wa redio wanavyomwita. Ukimuuliza analipwa pesa ngapi kwa siku, kuna uwezekano mkubwa atakujibu: "Bado najifunza."

Hiyo "bado najifunza" ndiyo nataka tuiongelee leo, ju imebeba mzigo mzito kuliko hiyo lori.

Wewe kama umekulia huku Nyeri, Chaka, Naro Moru mpaka Nanyuki na Timau, rieng unaijua. Unaenda shule ya udereva, unazungushwa mtaani na ka-lori kadogo, unapata leseni. Unapeleka hiyo leseni kwa mwenye lori, anakuuliza umeendesha wapi. Hujaendesha popote. So unatafuta dere mmoja wa ocha, anaongea na mdosi wake, unaambiwa panda. Makubaliano ni ya mdomo: wewe utapakia, utashusha, utafunga kamba, utatupa jiwe chini ya tairi kwa mlima, utalala ndani ya lori ukilinda mzigo. Kwa hizo kazi zote utalipwa na "masomo". Miezi mitatu, sita, ama "mpaka ushike". Ukibahatika unaachiwa mia mbili ya lunch.

Sitakudanganya ati hii njia ni mbaya yote. Madere wengi wazuri unaowaona kwa hii barabara walipitia hapo. Hakuna darasa linaweza kukufunza kusikia breki za upepo zikianza kuchoka, ama kujua mzigo umehama upande kabla uone kwa kioo. Hiyo unaipata ukiwa kando ya mtu ameiishi.

Mimi mwenyewe niliwacha college mwaka wa pili, fee iligoma. Binamu yangu akanipigia simu kuna lori ya mawe ya kujenga inataka mtu wa kujifunza. Nilidumu siku tisa. Siku ya tisa jiwe liliteleza likanishukia mguu. Mdosi alinitumia mia tano na meseji ya "pole kijana, siku ingine usimame mbali". Eksirei ililipwa na mathee, na pesa za kuku. Sikuuliza kitu. Nilidhani ndio hivyo inakuwanga.

Sasa nimesoma kidogo, na kuna vitu natamani mtu angeniambia.

Kwanza, ile stika ya bima kwa kioo.

Wasee wengi hufikiria hivi: lori iko na bima, nikiumia bima italipa. Pole. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu iliyo kwa Sura ya 405, imetengenezewa hasa watu walio nje: mama aliyekuwa anavuka, boda aliyegongwa. Walio ndani ya lori wana shida mbili. Kama wewe ni mfanyakazi uliyeumia ukiwa kazini, hiyo sheria hailazimishi bima ya gari ikulipe, wewe una sheria yako ya wafanyakazi. Na kama wewe si mfanyakazi, umebebwa tu, sheria hailazimishi mwenye gari akununulie bima, bora gari yake si ya kubeba abiria wa kulipa.

Angalia vile tanboi wa bure anaponyoka hapo katikati. Ajali ikitokea, mdosi anaulizwa huyu ni nani. Anasema, "Huyo si mfanyakazi wangu, alikuwa anajifunza tu." Sentensi moja. Si mfanyakazi, mlango wa kwanza umefungwa. Si abiria wa kulipa, wa pili nao umefungwa. Kuna bima ya ziada ya walio ndani ya gari, wanaiita PLL, lakini hiyo mwenye gari hununua akitaka. Na mtu anayekwepa kukulipa mia nne kwa siku, unadhani atakumbuka hiyo?

Ile sheria ya wafanyakazi inaitwa WIBA, ya 2007. Inasema kila mwajiri awe na bima ya watu wake, na mtu akiumia kazini afidiwe hata kama hakuna aliyekosea. Ukilemaa kabisa, hesabu inaanzia mshahara wa miezi 96. Ukikufa, watu wako wanahesabiwa hivyo hivyo. Ilipigwa kortini miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Juu ikaipitisha Desemba 2019. Na ndani yake kuna kitu kitakufurahisha: mfanyakazi ni yule ameajiriwa kwa mshahara, na pia mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi.

Usiruke bado. Mwanagenzi wa sheria ni yule ako na mkataba ulioandikwa, ule wa mambo ya NITA. Mkataba wako wewe uliandikwa kwa mvuke wa chai. Kwa hivyo utahitaji kuonyesha uliajiriwa kwa mshahara. Na mshahara wako ni ngapi? Chukua sifuri, zidisha mara 96, uniambie umepata ngapi.

Hapo ndipo "mafunzo ya bure" yanamfaa mwenye lori mara mbili. Leo hakulipi. Kesho ukiumia, kwa sababu hakukulipa, anasema hakujui.

Lakini kuna kitu nilikutana nacho kikanishtua. Lile tangazo la serikali la mishahara ya chini, lile hupandishwa mambo ya Leba Dei, lina orodha ya kazi. Na ndani ya hiyo orodha tanboi ametajwa kwa jina lake, kikundi kimoja na mchimba migodi, mkata mawe, weita na mpishi. Viwango vilipopandishwa asilimia 6 kuanzia 1 Novemba 2024, cha tanboi kilipanda pia. Yaani wewe unajiita mwanafunzi, na serikali ishakuandika kama mtu wa kulipwa! Mdosi akisema tanboi wa kujifunza halipwi, hiyo ni sheria yake ya kejani.

Tena Sheria ya Ajira inasema hata kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa kawaida. Na kesi ikifika kortini na mwajiri hana karatasi ya makubaliano, ni yeye anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Lakini lazima uwe na kitu cha kuonyesha kwanza kwamba ulikuwa hapo.

Kuna kesi ya zamani Marekani, 1947, ya kampuni ya reli ya Portland Terminal. Walikuwa wanafunza vijana kazi ya breki za treni siku saba ama nane bila malipo. Korti kuu ikasema hao si wafanyakazi, na sababu moja ilikuwa kwamba hawakuchukua kazi ya mtu, walikuwa hata wanachelewesha kazi ya kampuni. Si sheria yetu, lakini hilo swali ni tamu, jiulize ukiwa kwa hiyo lori: ukiwa umepanda, kazi inaenda polepole ama inaenda haraka? Kama umeshusha gunia 80 Karatina na dere yuko kwa chai, msee wangu, hakuna mtu umechelewesha.

Sasa tuje kwa ile sehemu kila mtu anaingojea. Saa saba usiku, mmepita Naro Moru, barabara imenyooka, dere macho yamekuwa mekundu. Anakuambia, "Kuja ushike kidogo." Moyo unaruka. Hii ndiyo umekuwa ukilalia magunia miezi minne.

Shika breki kidogo. Leseni za siku hizi zina ngazi: B ni ya gari ndogo, C1 lori nyepesi, C lori ya kati, CE lori na trela. Kama una B na umeshika usukani wa lori ya kati, kwa macho ya sheria huna leseni. Kosa ni lako, na pia la aliyekuruhusu. Kama una ile leseni ya kujifunza, inatakiwa herufi L mbele na nyuma, na dere mwenye leseni kando yako. Nani huweka L usiku na mzigo wa viazi? Bima nyingi zimeandikwa gari iendeshwe na mtu mwenye leseni yake, kwa hivyo kampuni ya bima iko na sababu tayari ya kubishana.

Na hizi barabara zetu hazina huruma. Mteremko wa daraja la Nithi, ukitoka Meru kuja Chuka, ulimeza basi 24 Julai 2022, watu zaidi ya 30 wakafa. Hiyo ilikuwa na dere wa kazi. Weka hapo kijana ambaye ameshusha mzigo mchana kutwa, hajalala, na anajaribu gia za chini kwa mara ya kwanza. Mtu akifa, karao anafunga pingu aliyekuwa kwa usukani. Hataenda kuamsha mdosi.

Simlaumu dere sana. Wengi wanalipwa kwa safari, wakilala hawapati, na anapokufunza anahatarisha leseni yake bure pia. Mdosi naye atakuambia lori ni ya mkopo, na anayejifunza atachoma klachi. Sawa, klachi ni pesa. Lakini Sheria ya Ajira inaruhusu mwajiri akukate tu kama uliharibu kwa makusudi, na tena akate kiasi cha haki. Kuchoma klachi ukijifunza si makusudi. Na kumkata mtu ambaye humlipi, mimi hata sijui unaanzia wapi.

So kama kesho ndio unapanda, sitakuambia ukatae. Najua hali. Lakini omba ulipwe kitu, hata kama ni kidogo, na kipitie M-Pesa, si mkononi. Hiyo mia tatu yenye jina la mdosi kila jioni ni ushahidi kuliko maneno ya mashahidi kumi. Piga picha za karatasi za mizani na za mzigo, hasa zikiwa na jina lako. Uliza kama ako na bima ya WIBA na kama wewe uko ndani. Akikasirika kwa hilo swali, ashakujibu.

Na ukiumia, mwambie mdosi kwa meseji siku hiyo hiyo. Akishajua, ana siku 7 kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na wewe una miezi 12 kudai. Hospitali wakiuliza umeumia wapi, sema kazini, sema lori. Usikubali kuandikisha "nilianguka nyumbani" ju mdosi ameahidi kusimamia bili. Hizo karatasi zikishaandikwa, kuzibadilisha ni ngumu. Ofisi ya leba ya kaunti iko, na Mahakama ya Ajira ina kituo hapa Nyeri, huhitaji kupanda gari ya Nairobi.

Ukishindwa na hayo yote, fanya hii moja usiku huu. Nakuandikia kabisa, wewe jaza tu:

"Habari boss. Ni mimi (jina). Vile tumeongea, naanza kesho na lori (namba) kama tanboi, nikijifunza pia kuendesha. Tumeelewana utanilipa (pesa) kwa siku. Kama niko sawa nijibu."

Akijibu "sawa", piga skrinshoti na uitume kwa mathee.