Sindano ya sukari tano huzuia damu kuganda

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini wewe hula ugali lakini bua la mahindi humwachia ng'ombe? Wanga ulio katika unga na nyuzi ngumu za bua vyote vimeundwa kwa sukari moja, yaani glukosi. Tofauti ni jinsi zilivyoungwa. Katika wanga, kiungo hukaa upande uitwao alfa. Katika bua hukaa upande wa beta. Tumbo lako linaweza kukata kiungo cha alfa lakini si kile cha beta. Hata ng'ombe husaidiwa na vijidudu vilivyo tumboni mwake.

Jambo hili dogo ni kubwa katika matibabu. Mgonjwa aliyepasuliwa nyonga, kwa mfano, huwa katika hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo mara nyingi hudungwa heparini. Dawa hiyo ni mnyororo wa sukari, na kwa kawaida hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Mwaka 2008, heparini iliyochafuliwa ilihusishwa na vifo kadhaa nchini Marekani.

Basi kwa nini isiundwe kwenye maabara? Ugumu uko kwenye viungo. Ukiunga sukari ovyo, utapata mchanganyiko wa alfa na beta. Dawa iitwayo fondaparinux ina sukari tano, yaani viungo vinne kati yake: vitatu vya alfa na kimoja cha beta. Kama kila kiungo kingejiendea kitakavyo, yangetokea maumbo 16, na linalotakiwa ni moja tu.

Wanakemia wana mbinu. Wakitaka beta katika sukari kama glukosi, huweka kikundi cha atomi, mathalani kilichotokana na asidi ya siki, jirani na mahali pa kuungia. Kikundi hicho hujipinda na kuziba upande mmoja, kama bawabu mlangoni, na sukari inayokuja hulazimika kupitia upande wa pili. Wakitaka alfa, huweka pale kikundi kisichojipinda. Kazi ikiisha, vikundi hivyo huondolewa.

Fondaparinux iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Hudungwa mara moja kwa siku, na haina kitu cha mnyama. Kwa hivyo, ikiwa dini yako inakukataza nguruwe, mweleze daktari wako mapema. Hata hivyo, haiwafai wenye figo dhaifu sana, na kama dawa zote za aina hii, inaweza kusababisha kutokwa na damu.

Mwisho, mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukishikwa ghafla na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usingoje hata saa moja.