Kuizuru India kwa Gharama Nafuu: Mwongozo kwa Msafiri Asiyetumia Wakala

India si nchi ngeni kwetu. Kwa karne nyingi majahazi yalivuka bahari kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa upepo wa kusi baina ya Gujarat na mwambao wa Afrika Mashariki, na pamoja na nguo na viungo yalileta maneno ambayo leo tunayaona kuwa yetu: gari, bima, laki. Siku hizi watu wetu huenda huko kwa masomo, kwa biashara na kwa matibabu, na wapo wanaokwenda kutembea tu, wakijipangia wenyewe safari yote bila kupitia wakala.

Anayejipangia safari huokoa fedha nyingi. Hata hivyo, hupoteza kinga moja: pale mambo yanapoharibika, hakuna ofisi ya hapa nyumbani anayoweza kuidai. Kwa sababu hiyo, kinga yake kubwa ni kujua mapema jinsi huduma za huko zinavyoendeshwa, bei halali ni ipi, na ni mahali gani wadanganyifu hupenda kumsubiri mgeni. Makala haya yameandikwa kwa madhumuni hayo.

Kabla ya kuondoka

Raia wa nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Tanzania, wanaweza kuomba viza ya India kwa njia ya mtandao. Tatizo la kwanza hutokea hapo hapo. Zipo tovuti za watu binafsi zilizopambwa kwa bendera na nembo zinazofanana na za serikali, ambazo hutoza ada maradufu kwa kazi ambayo msafiri angeweza kuifanya mwenyewe. Anwani ya tovuti halali huishia kwa herufi gov.in. Isiyo na mwisho huo ni ya mfanyabiashara, hata ikionekana rasmi namna gani.

Ombi lipelekwe angalau siku nne kabla ya tarehe ya kuwasili, na ni busara kuongeza siku. Ada ikishalipwa hairudishwi, hata ombi likikataliwa. Basi hakiki jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Anayekwenda kutibiwa aombe viza ya matibabu, na anayemsindikiza aombe viza ya msindikizaji wa mgonjwa. Viza ya utalii haikuwekwa kwa shughuli hiyo.

Jambo la pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India huwadai cheti hicho wasafiri wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, au waliopitia huko, Kenya na Uganda zikiwamo. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na siku hizo hazimo katika hesabu ya mtu aliyepanga safari ya wiki mbili. Cheti huanza kuwa halali siku kumi baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo, kuchanjwa siku mbili kabla ya safari hakumsaidii msafiri, na cheti cha kununua mitaani ni kosa la jinai na ni hatari kwa afya.

Kutoka uwanja wa ndege

Kwa anayefika Delhi, njia nafuu ya kuingia mjini ni treni ya metro ya uwanja wa ndege, ambayo hufika stesheni ya New Delhi kwa muda wa dakika 20 hivi. Haifanyi kazi usiku kucha. Anayetua usiku wa manane atahitaji teksi.

Zipo teksi za kulipia kabla. Msafiri hulipa kwenye kibanda, hutaja aendako, naye hupewa stakabadhi yenye nauli iliyopangwa. Stakabadhi hiyo ndiyo nguvu yako. Dereva huitumia kudai malipo yake, kwa hiyo usimkabidhi kabla hujafika mlangoni pa nyumba unayokwenda, hata akikuomba mara tatu.

Madereva wengine humwambia mgeni kwamba hoteli yake imeungua moto, imefungwa, au mtaa wake umezuiwa kwa sababu ya ghasia. Kisha humpeleka katika hoteli nyingine ambayo humlipa dereva kamisheni, nayo kamisheni hiyo huongezwa katika bei ya chumba. Jibu ni moja: andika namba ya simu ya hoteli kabla ya kuondoka nyumbani, na upige mwenyewe. Usikubali kupigiwa na dereva kwa simu yake.

Ndani ya mji chombo cha kawaida ni kile tunachokiita bajaji, jina tulilolipata kwa kampuni ya huko huko India inayovitengeneza. Aghalabu kina mita. Mwombe dereva aiwashe. Akikataa, patana kabla ya kupanda, na useme wazi kwamba bei ni ya chombo kizima, si ya kila abiria. Katika metro ya Delhi, behewa la kwanza ni la wanawake pekee, na mwanamume anayeingia humo hutozwa faini.

Malazi

Sheria ya India humtaka mwenye nyumba ya wageni kuiarifu serikali, ndani ya saa 24, kila anapompokea mgeni wa nchi nyingine. Taarifa hiyo hujulikana kama Fomu C. Nyumba nyingi za bei ya chini hazikujiandikisha kufanya hivyo, au hazitaki usumbufu huo, na kwa hiyo huwakataa wageni wa nje hata kama wameshalipia kupitia mtandao.

Tuseme umefika saa tano usiku, ukakataliwa mlangoni, na fedha zako ziko kwa kampuni ya kuweka nafasi. Utalazimika kulipa mara mbili usiku ule. Ili kuepuka hali hiyo, mwandikie mwenye nyumba kabla ya kulipa na umwulize swali moja la wazi: je, mnapokea wageni wenye pasipoti ya nchi ya nje? Hifadhi jibu lake. Pale inapowezekana, chagua chumba kinacholipiwa baada ya kufika, au kinachoweza kufutwa bila gharama.

Treni

Treni ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuiona India, na ndiyo inayowatatiza wageni zaidi, kwa kuwa tiketi zina vyeo na hadhi mbalimbali. Behewa lenye alama SL lina vitanda vya ngazi tatu, feni na madirisha ya kufunguliwa; halina matandiko. Lenye alama 3A lina vitanda vya ngazi tatu vilevile, lakini lina kiyoyozi na abiria hupewa shuka. Lenye alama 2A lina ngazi mbili na nafasi zaidi. Mwezi Mei na Juni, joto la Delhi linapoweza kupita nyuzi 40, tofauti ya bei kati ya SL na 3A hulipa. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni za kaskazini kwa saa nyingi, basi usipange treni ya asubuhi na ndege ya jioni ile ile.

Tiketi za kawaida huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari. Kabla ya Novemba 2024 zilikuwa siku 120. Kabla ya kulipa, soma hadhi ya tiketi yako. Yenye neno CNF imethibitishwa. Yenye RAC hukuruhusu kupanda, lakini huenda ukagawana kitanda kimoja na abiria mwingine mkiwa mmekaa. Yenye WL ni ya orodha ya kusubiri. Ikiwa tiketi ya WL iliyonunuliwa mtandaoni haikuthibitishwa hadi orodha ya abiria inapoandaliwa, hufutwa yenyewe na fedha hurudishwa. Anayepanda nayo huhesabiwa kuwa hana tiketi. Yeyote anayekuuzia tiketi ya WL akikuahidi kwamba utapata nafasi ukiwa ndani anakuuzia tumaini tu.

Zipo pia tiketi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazouzwa siku moja kabla kwa bei ya juu. Tangu Julai 2025 anayezikata mtandaoni hudaiwa uthibitisho wa Aadhaar, yaani kitambulisho cha mkazi wa India, ambacho mgeni hana. Kwa hiyo, akitokea mtu wa kukukatia kwa haraka, uliza tiketi itaandikwa jina la nani. Tiketi yenye jina la mwingine haikufai, maana mkaguzi hulilinganisha jina na pasipoti.

Mgeni ana njia yake halali. Katika baadhi ya treni hutengwa nafasi chache kwa watalii wa nje, na stesheni ya New Delhi ina ofisi ya watalii wa kimataifa, ghorofa ya kwanza, inayoziuza kwa mwenye pasipoti na viza. Ni kwenye ngazi za ofisi hiyo ambapo wadanganyifu wamewasubiri wageni kwa miaka mingi. Mtu aliyevaa nadhifu atakuambia kwamba ofisi imehamishwa, au kwamba tiketi yako lazima igongwe muhuri kwingine. Atakupakia bajaji hadi kwenye duka la wakala, na humo utaelezwa kwamba treni zote zimejaa, lakini gari lenye dereva kwa siku kumi lipo. Watu wamelipa akiba ya mwaka mzima katika maduka kama hayo. Panda ngazi ukaone kwa macho yako.

Bei mbili katika maeneo ya historia

Wasafiri wengi hulalamika kwamba wametozwa zaidi ya wenyeji. Mintarafu ya maeneo yanayosimamiwa na idara ya mambo ya kale, hiyo si dhuluma bali ni utaratibu uliotangazwa. Taj Mahal, kaburi ambalo Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631, hutoza mgeni rupia 1,100 na raia wa India rupia 50. Tangu Desemba 2018 anayetaka kuingia ndani ya kaburi lenyewe huongeza rupia 200. Viwango vinaweza kubadilika, hivyo vithibitishe katika tovuti ya serikali. Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa, na Ngome Nyekundu ya Delhi kila Jumatatu. Msafiri mwenye siku chache aanze na kalenda.

Wala si kila zuri lina kiingilio. Bustani za Lodhi na Hekalu la Lotus mjini Delhi, Gateway of India mjini Mumbai, na Hekalu la Dhahabu la Masingasinga mjini Amritsar huingiwa bure. Hekaluni Amritsar mgeni wa dini yoyote hukaribishwa chakula pia, mchana na usiku. Funika kichwa, vua viatu, na ukipenda saidia kuosha vyombo kama wenyeji wafanyavyo.

Katika miji ya Agra na Jaipur jihadhari na ukarimu wa haraka. Kijana atakualika chai, kisha atakuomba umbebee vito hadi nje ya nchi kwa faida kubwa, ukitoa kadi yako ya benki kuwa dhamana. Vito hivyo ni vioo, na fedha hazitarudi.

Dukani na mezani

Mnunuzi nchini India ana haki moja rahisi kuitumia. Kila bidhaa iliyofungashwa, kuanzia chupa ya maji hadi dawa ya meno, lazima ichapwe bei ya juu ya rejareja, yenye herufi MRP, na kodi zote zimo ndani yake. Muuzaji anaweza kuuza chini ya bei hiyo, lakini si juu yake. Onyesha kidole kwenye maandishi hayo. Mara nyingi hakuna haja ya kubishana. Kagua pia kwamba kifuniko cha chupa hakijafunguliwa.

Mkahawani, tazama ankara. Kwa mwongozo wa mwaka 2022, mkahawa hauruhusiwi kukuongezea malipo ya huduma bila ridhaa yako, na Mahakama Kuu ya Delhi iliuunga mkono mwongozo huo mwaka 2025. Kodi ya serikali ni jambo jingine, nayo hulipwa.

Kuhusu fedha, kumbuka mambo matatu:

- Noti za zamani za rupia 500 na 1,000 zilifutwa Novemba 2016. Zinazotumika za 500 ni za toleo jipya. Noti ya 1,000 haipo tena. Noti iliyochanika irudishe papo hapo.
- Wenyeji hulipa kwa simu hata kwa muuza chai, lakini mfumo wao huenda usikubali simu yako. Beba noti ndogo ndogo.
- Laki ni 100,000 kama kwetu, ila huandikwa 1,00,000. Hesabu sifuri kabla ya kutia saini.

Ukidhulumiwa

Namba 1363 huhudumia watalii saa zote, kwa lugha kadhaa. Namba 1915 hupokea malalamiko ya wanunuzi, na 112 ni ya dharura. Ikiwa ulilipa kwa kadi, iarifu benki yako siku ile ile, kwa maandishi, na uombe malipo yapingwe.

Sisi tukiwa hapa nyumbani hatuna mamlaka juu ya muuzaji aliye Agra au Delhi, na hatupendi kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi. Tunachoweza ni kukusaidia kuandika malalamiko yako, kukuelekeza panapohusika, na kufuatilia mashirika ya ndege, benki na kampuni za bima zilizosajiliwa nchini. Ili tufanye hivyo tunahitaji karatasi. Tunza kila stakabadhi, piga picha kila ankara, na uandike tarehe na saa. Malalamiko yenye risiti husikilizwa. Yasiyo na risiti hubaki kuwa masimulizi ya safari.